Kifua cha Jumatatu

Kama unasoma haya ukiwa kwenye benchi la kliniki ya kifua, umekohoa, na watu wawili wamesogea kidogo mbali nawe, karibu. Nilikaa kwenye benchi kama hilo hapa Voi kwa miezi mingi na nawajua hao wanaosogea. Usiwachukie. Mimi mwenyewe siku ya kwanza nilimhama mzee mmoja aliyekuwa akikohoa, kumbe alikuja kumletea mkewe uji na alikuwa amepaliwa tu.

Naitwa Wakesho, ila kazini na nyumbani ni Mama Righa, kwa jina la kifungua mimba wangu, ambaye sasa ni mwanamume mwenye ndevu zake. Kwa miaka kumi na minne nilifanya kazi katika kiwanda cha mkonge, katika chumba tulichokiita cha brashi. Mkonge ukishakatwa shambani na kusagwa, nyuzi huanikwa juani, na zikikauka huletwa kwetu. Unashika fungu, unalilisha kwenye mtambo wenye meno unaozunguka, unalivuta, na linatoka limenyooka na kung'aa. Vumbi linalochanuliwa humo hupaa. Tulijifunga leso puani, lakini tukitoka mchana nyusi zetu zilikuwa nyeupe, na Mama Mghoi, aliyekuwa mkubwa wetu mle ndani, alipenda kututazama na kusema, "Leo tena tumezeeka pamoja."

Nilikipenda kile chumba, sitasema uongo. Kelele ilikuwa nyingi hata tukawa tunasemezana kwa midomo na nyusi, na siri zote za Voi zilipita pale bila sauti.

Tulikuwa na ugonjwa wetu, na tulikuwa tumeupa jina. Kila Jumatatu kufikia saa nne kifua kilibana, mwili ukawa na homa kidogo, pumzi ikawa fupi. Jumanne nafuu. Alhamisi umeshasahau. Mtu alikuwa akisema, "Wenzangu, nimeshikwa na Jumatatu," basi imeeleweka. Wengine walisema ni kuimba sana kanisani. Wengine walisema ni kimanga cha Jumapili, kwamba muhogo na maharagwe vikipondwa pamoja na mtu akashiba kupita kiasi, kifua hukosa nafasi. Lakini wengi tuliamini kwamba mapumziko ndiyo yanayolegeza mwili. Mbona siku za kazi kifua hukaa sawa? Basi mimi, kwa akili zangu timamu, nikawa naomba kazi hata Jumapili ili Jumatatu isinipate. Mume wangu, Mwakio, alikuwa akiniambia kwamba hata Mungu alipumzika siku ya saba, nami nikamjibu kwamba Mungu hakufanya kazi kwenye brashi.

Dawa yetu ilikuwa maziwa. Huku kwetu kila anayefanya kazi ya vumbi, rangi au moshi anajua kwamba maziwa husafisha kifua. Mimi nilikuwa mwakilishi wa wanawake wa brashi, na mwaka mmoja tuliketi chini nje ya ofisi siku mbili tukidai haki zetu. Karatasi ya madai niliiandika mwenyewe, na yalikuwa mawili tu: maziwa kila siku, na feni kubwa ya kuvuta vumbi. Meneja alisoma, akasema feni ni jambo la kuandikiwa makao makuu na kungojewa, lakini maziwa tunaweza kuyapata kesho asubuhi. Akanipa kalamu. Wenzangu walikuwa wamechoka na jua. Nilikata mstari wa feni, nikatia sahihi.

Siku ile walinibeba juujuu. Kuanzia hapo mimi ndiye niliyesimama kwenye kidirisha cha stoo kila mchana nikigawa pakiti za maziwa, na nakwambia, sijawahi kupendwa namna ile.

Vuli ilipoanza, kikohozi changu kikakataa kuondoka Alhamisi. Kikakaa Ijumaa, kikakaa Jumamosi, kikaja nami kanisani. Mlima mdogo wa kutoka barabarani hadi kwetu nikaanza kuupanda kwa vituo, najifanya nafunga kiatu. Leso niliyokuwa nikiifunga kiunoni mara moja ikazunguka mara mbili. Wiki moja kabla ya Krismasi nilikaa sakafuni pale pale kando ya mtambo nikashindwa kuinuka, na Mama Mghoi akanitoa nje akinivuta kwa kwapa huku akinigombeza kwa kuwa mzito.

Kiwandani kuna desturi kwamba mtu akiugua, nyumbani kwao hutoa mtu wa kumshikia nafasi, la sivyo akipona atakuta mwingine amesimama hapo. Aliyekuja kunishikia ni mdogo wangu, Mkamburi. Alikuwa ameolewa Marungu, ukame ukawamalizia mbuzi, mumewe akaenda kutafuta kazi Mombasa. Alifika Januari na begi moja na kuku wawili. Alikuja kwa ajili yangu, na sikuweza hata kumpokea begi.

Mkamburi ananifuata kwa miaka sita. Tulipokuwa wadogo kule milimani tulikuwa na mchezo wetu wa kwenda mtoni. Unavuta pumzi, unaanza kuhesabu kwa sauti, na ukipumua umetoka. Mimi nilikuwa nikivuka hamsini. Yeye alikuwa akiishia thelathini, anatupa kibuyu chini na kulia kwamba nimevuta pumzi kwa pua. Jioni ya kwanza alipoketi kando ya kitanda changu akasema, "Dada, tuhesabu?" Nilifika kumi na moja. Hakucheka. Akasema anakwenda kuwapa kuku maji.

Kliniki walinipima makohozi mara mbili, hakuna kitu. Wakanipiga picha ya kifua, nikangoja, nikapewa dawa ya wiki mbili, nikarudi, nikangoja. Jirani zangu walikuwa wameshaamua ninaumwa nini, na mmoja akaanza kuniwekea kikombe changu peke yangu. Kungoja nako ni kazi. Nilijifunza kufika mapema nikae dirishani, kubeba kanzu ya kushona vifungo, na kutomtazama usoni anayetoka ndani. Kuna mama muuza ndizi aliyekuwa akipita pale mlangoni, hakuwahi kuniuliza lolote, lakini kila akipita aliniachia moja iliyoiva sana, akidai haiwezi kuuzika. Mungu ambariki. Nilikuwa sili kitu ila zile ndizi.

Nyumbani Mwakio aligeuka muuguzi. Mume wangu ni mlinzi wa shule, mtu mpole mwenye mikono mikubwa, na hajui kupika. Alinipikia ugali uliokuwa na mabonge. Nikilala chali nilikosa pumzi, basi akanishonea mito mitatu minene ya kuegemea, akaijaza vizuri, akaipanga nyuma yangu na kuigongagonga kwa kiganja. "Pumzika sasa, Mama Righa. Malkia mwenyewe hana kiti hiki." Nilipumzika. Nilipumzika Februari yote, na masika yakaja na kwenda, na sikupata nafuu hata kidogo. Ndipo ugomvi ulipoingia nyumbani. Alisema sinywi dawa ipasavyo. Nilisema yeye anatamani nife ili apumzike na mabonge yake. Ni maneno mabaya, nayaandika kwa sababu na wewe utayasema, na ukishayasema omba radhi upesi.

Mkamburi naye alikuwa sasa ndiye wa brashi. Nyusi zake zilikuwa nyeupe. Jumatatu moja ya Mei alirudi, akaketi mlangoni bila kuvua leso, akaniambia kifua kinambana. Sitasahau nilichomjibu. Nilimwambia, "Ah, hiyo ni Jumatatu tu. Umekunywa maziwa yako?"

"Nimekunywa, dada."

"Basi itapita."

Juni, wakati wa baridi, kliniki ililetewa daktari mpya, Bi Zuhura, mama wa hapa hapa Voi, watu wao asili ya pwani, na mwenye buibui jeusi na miwani ya kamba. Hakufungua faili langu. Aliniuliza nafanya kazi gani. Miezi yote ile hakuna aliyekuwa ameniuliza, na mimi sikusema, kwa sababu nilidhani kazi ni yangu na ugonjwa ni wao.

Nilipomwambia, akauliza, "Na hicho kifua, mamangu, siku gani chakukamata zaidi?"

Nikacheka hadi nikakohoa. "Daktari, hata wewe unaijua Jumatatu?"

Hakucheka. "Hebu nambie yote."

Nikamwambia yote, na ya maziwa pia, nikijivuna kidogo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa upole kwamba maziwa ni chakula kizuri sana, lakini hupita njia ya chakula. Vumbi hupita njia ya pumzi. Mbili hizo hazikutani. Na Jumatatu, akasema, si mapumziko yanayolegeza mwili; kifua kilichopumzika Jumapili ndicho hushtuka vumbi likirudi, kisha hulizoea tu huku kikiendelea kuharibika. Kisha akauliza, "Waegemea nini ukilala?"

"Mito. Mume wangu amenishonea."

"Ndani mna nini?"

"Mkonge," nikasema. "Ule uchafu wa brashi. Sote tunauleta nyumbani, ni laini kweli."

Bi Zuhura aliweka kalamu chini, akavua miwani, akaifuta kwa ukaya wake wa kichwani. Nilikuwa nimeondoka kwenye vumbi nikaenda kulilalia.

Mwakio alitoa mito yote mitatu nje. Halafu akakaa kwenye ngazi akalia, mtu mzima, mikono yake mikubwa imefunika uso, akisema, "Nimekuua kwa mikono yangu." Nilimwambia, "Hujaniua, angalia, nakugombeza." Nilimkumbatia pale kwenye ngazi na sijui ni nani aliyekuwa akimshikilia mwenzake. Mito mipya aliijaza matambara ya nguo zake kuukuu, na hadi leo naegemea suruali yake ya harusi.

Nilipewa inhela, ile chupa ndogo ya kuvutia dawa, na tembe za wiki kadhaa. Nakuonya kuhusu zile tembe: uso wangu uliumuka. Mashavu yakawa ya mtoto wa miezi sita. Njaa ikaja usiku na mchana, na wale majirani walionitengea kikombe wakaja kunipongeza kwamba nimenenepa. Lakini Julai niliamka asubuhi moja nikagundua nimelala chali. Nilibaki hivyo hivyo nikitazama mabati, nikivuta hewa na kuitoa, nikifurahi bila kumwambia mtu.

Ila furaha ile ilikuwa na mwiba, na mwiba ni Mkamburi. Kila asubuhi niliyokuwa napata pumzi, yeye alikuwa akienda kuipoteza mahali pangu. Nilimwomba aache. Akasema, "Niache nikale nini, dada? Na wewe nafasi yako nani atakushikia?" Jumatatu jioni nikamwambia tuhesabu. Alifika kumi na tisa. Yule mtoto wa thelathini, mwanamke mzima sasa mwenye mabega mapana kunishinda. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nimeficha maradhi ya chumba kizima kwa pakiti za maziwa.

Nilijua la kufanya, na nililiogopa kuliko ugonjwa. Ningesimama mbele ya wanawake walionibeba juujuu niwaambie kwamba kile nilichowapa si kinga, na kile ambacho kingekuwa kinga nilikikata kwa kalamu. Wangeweza kunichukia. Meneja angeweza kutufukuza mimi na mdogo wangu kwa siku moja. Nilimwambia Mwakio. Alifikiri kidogo, akasema, "Utavaa gauni lipi?"

Nilikwenda Jumatatu, saa ya chai. Mwakio alinisindikiza hadi getini, akabaki hapo na mwavuli wake ingawa jua lilikuwa kali. Wenzangu walinipokea kwa vigelegele na kushika mashavu yangu. Mkamburi alisimama nyuma, akinikodolea macho ya kusema nisithubutu. Nikasema. Nilisema ya maziwa, nilisema ya mito, nilisema ya feni niliyoikata, na kwamba nafasi ile iliniumiza mimi na sasa inamuumiza mdogo wangu.

Kisha Mama Mghoi akaweka kikombe chake chini. "Mama Righa. Maziwa haya tuliyakalia juani siku mbili. Sasa wewe umeshanenepa, mashavu yanang'aa, unataka sisi tunyang'anywe?"

"Si maziwa nataka yaondoke. Nataka vumbi liondoke."

"Mimi niko hapa kabla yako na niko sawa. Tena wewe kifua chako kilikuwa kibovu tangu zamani."

Wengine wakaitikia. Sikuwa na karatasi wala daktari wa kunitetea, basi nikafanya jambo la kitoto ambalo ndilo nililokuwa nalo. Nikasema, "Basi Mama Mghoi, hesabu. Pumzi moja, kwa sauti. Tuone kama utafika hamsini."

Akacheka. Akajifunga leso vizuri, akavuta pumzi, akaanza kwa sauti ya kiongozi wa kwaya. Kumi na nne. Akajaribu tena, akidai amechekeshwa. Kumi na tatu. Basi kila mtu akataka kujaribu, maana nani hapendi mchezo. Wa brashi: kumi na sita, ishirini, kumi na nane. Kisha wakaitwa wanawake wa kuanika, ambao hushinda nje juani: thelathini na tano, arobaini na moja, thelathini na tisa. Mkamburi alichukua chaki ya kuandikia marobota akaandika majina na hesabu ukutani. Kicheko kilikuwa kinapungua kila jina. Nikawaomba tu kitu kimoja, kwamba Ijumaa wahesabu tena.

Ijumaa sikwenda. Mkamburi aliniambia baadaye. Wote wa brashi walipanda, huyu kwa nne, huyu kwa sita, na Mama Mghoi alifika ishirini na mbili, akaitazama ile kumi na nne ya Jumatatu ukutani kwa muda mrefu. Halafu akamwambia mdogo wangu, "Kamwambie dada yako arudi na kalamu."

Nilirudi. Meneja aliniambia mimi ni mgonjwa, nikapumzike. Nikamwambia nimekuja kurudisha mstari mmoja tu. Haikuwa rahisi kama ninavyoandika. Tulingoja, tukaandika barua, akaja mkaguzi wa usalama kazini na kifaa chake, akasimama chumbani mle akatoka akipiga chafya. Palipita vuli nzima. Wawili kati yetu walihamishwa kwa kusema sana. Lakini feni ilikuja, mdomo mkubwa wa bati juu ya kila mtambo, na zamu za brashi zikawa fupi, watu wanazungushwa hadi kwenye kuanika. Maziwa yalibaki. Tunayanywa kwa sababu ni matamu.

Mimi sikurudi kwenye brashi na sitarudi. Bi Zuhura aliniambia ukweli kwamba pumzi nyingine hairudi. Inhela iko mfukoni, mlima wa kwetu naupanda kwa vituo viwili badala ya sita, na kicheko changu sasa huishia na filimbi. Nimezoea. Walinipa kile kidirisha changu cha stoo, na pale pale palipokuwa pa maziwa, sasa asubuhi natoa barakoa, zile nzito zenye kichujio, si leso. Wewe uliye kwenye benchi, ukiitwa ndani, mwambie daktari unafanya kazi gani hata kama hajauliza. Na utazame siku zako za wiki.

Mkamburi bado yuko kiwandani, kwa nafasi yake mwenyewe sasa. Jumatatu yeye ni wa kwanza kidirishani, na tuna sheria yetu, kwamba simpi barakoa kabla hajahesabu. Wengine kwenye foleni hulalamika. Mimi huanza. Nafika ishirini na sita, hapo ndipo mwisho wangu, nimejaribu sana. Kisha yeye anavuta pumzi, anashika ukingo wa dirisha, na kuhesabu akinitazama. Jumatatu iliyopita alifika arobaini na tatu. Akagonga dirisha, akasema, "Umeshindwa, dada!" na Mama Mghoi akapiga kelele nyuma yake kwamba amevuta pumzi kwa pua.

Nilimpa barakoa yake, nikamwambia Jumatatu ijayo anishinde tena.